Oili Nyepesi kwenye Njia ya Jilore

Niliondoka Malindi kwa sababu ya jicho la mama. La kushoto lilikwisha kupotea zamani, na la kulia likaingia mtoto wa jicho, hata akawa anatutambua kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Hospitalini Kilifi walishampa siku ya upasuaji mara mbili, naye mara zote mbili akapata udhuru: kwanza mahindi, kisha matanga ya jirani. Mara hii alinipigia simu mwenyewe. "Mbeyu, njoo Jilore unichukue. Lakini nisipofika safari hii, msinitajie tena hospitali." Namjua mama. Mlango akishaufunga, haufungui.

Gari langu ni lile aliloniacha nalo marehemu mume wangu, Katana. Ni la siku nyingi, limekwenda hata halijui lenyewe limekwenda kiasi gani. Katana miaka yote alilitia oili nzito, ile inayomwagika polepole kama asali. Siku chache kabla ya safari nilikwenda dukani kununua oili, na muuzaji akanifungulia kitabu cha gari akanionyesha kwamba waliolitengeneza wanataka nyepesi. Injini inawaka upesi, alisema, na petroli hailiki sana. Mimi ni mtu wa haraka, maneno hayo yalinikolea. Nikamwaga ya Katana, nikatia nyepesi, na moyoni nikamwona marehemu mshamba.

Asubuhi na mapema nilitoka Malindi na gari likaenda kwa sauti laini ajabu. Nilipita Ganda nikiimba. Hata hivyo niliitazama saa kila mara, maana muuguzi wa Kilifi alikuwa amenipigia simu akisisitiza tusichelewe, na mama hajui kuharakishwa.

Jilore nilimkuta amekaa mlangoni, kanga mbili, mkoba magotini. Nikasema shikamoo, akaitikia, akaingia garini bila neno. Nikashukuru Mungu mapema mno. Hatujamaliza hata shamba lake la mihogo akasema tupite kwa shangazi akaage. Kisha kwa shemeji yake. Kisha kwa Kadzo, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana.

Sasa, kwetu ukizima gari mbele ya nyumba ya mtu, wewe ni mgeni. Kiti kitatolewa, na kuku ataanza kukimbizwa. Mwenye haraka huliacha gari lingurume, na wenyeji huelewa bila kununa. Basi mimi kila nyumba nililiacha likinguruma, mkono kwenye usukani, jua linapanda, na mama anasalimia. Alikuwa akiuvuta uso wa kila mtu karibu na jicho lake, akiushika kwa viganja viwili na kuuangalia. Nilikereka. Nilipiga honi kidogo kwa Kadzo, na aibu ya honi ile ninayo mpaka leo.

Hapo hapo kwa Kadzo, taa nyekundu ya oili ikakonyeza kwenye dashibodi. Nilipoondoa gari ikazimika. Nikajiambia ni nyaya tu.

Tuliporudi kwenye lami na kupita Gede, taa haikuonekana, nami nikakanyaga mafuta. Karibu na Matsangoni barabara ilikuwa ikitengenezwa, na mtu mwenye bendera akatusimamisha. Tukasimama kwenye foleni, jua kali, injini inanguruma. Taa ikawaka, na safari hii haikukonyeza. Ilikaa. Chini ya boneti kukaanza mlio mkavu wa kugonga, tak, tak, tak.

"Kuna kitu kinagonga," mama akasema. Asiyeona vizuri husikia vyote.

Nilizima. Watu wawili wa barabarani wakatusukuma hadi gereji iliyokuwa karibu, banda la mabati tu. Fundi alikuwa kijana wa bara, akamsalimia mama kwa heshima, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imejaa. Nikataka kufurahi, yeye hakufurahi. Aliisugua baina ya vidole, ikateleza kama maji. Alinieleza kwamba injini ya miaka mingi imelika ndani, nafasi baina ya vyuma zimepanuka, na oili nyepesi ikishapata moto inapenya zote. Gari likitembea, pampu inajitahidi. Likisimama huku linanguruma, presha inaanguka na vyuma vinasagana vikavu. Nikakumbuka milango yote ya Jilore.

Oili nzito hakuwa nayo, ingebidi aifuate kwa pikipiki. Nilimuuliza kama tunaweza kwenda hivyo hivyo. Akajikuna kichwa. Pengine mtafika, akasema, na pengine injini itakaza na kuzimika hapo mbele. Nilizunguka gari mara sijui ngapi. Nikingoja, tunachelewa. Nikienda, huenda tusifike kabisa.

Mama alikuwa ametulia kwenye kiti chake, na utulivu ule ndio ulionitisha. "Basi ni ishara," akasema. "Nirudishe nyumbani."

"Si ishara, mama. Ni oili."

"Oili gani?"

Nikamwambia yote: kitabu, muuzaji, haraka yangu, na injini niliyoiacha inanguruma huku yeye akiaga. Aliukaza mkoba magotini. Nilijua mlango unafungwa.

"Katana alikuwa akitia ipi?"

"Nzito."

"Basi tia ya Katana, twende."

Nililia kidogo, nimemgeuzia mgongo. Fundi akaenda, akarudi, akamwaga ile nyepesi na kutia nzito. Nilipowasha, taa iliwaka, ikazimika, na mlio ule ukapotea.

Kilifi tulifika muuguzi akikusanya makaratasi. Alimtazama mama, akanitazama mimi na mikono yangu yenye oili, akaingia ndani kuuliza. Mama akawa wa mwisho kupasuliwa siku ile. Tulilala kwa binamu yangu, na kesho yake wakamfungua kitambaa. Alinitazama tu, kisha akanirekebisha kola ya gauni.

Njia nzima ya kurudi alisoma mabango kwa sauti, na mimi nikawaza. Kitabu hakikudanganya, wala muuzaji. Kitabu kiliandikwa gari likiwa jipya. Katana hakulisoma kitabuni, alilisikiliza, na joto la huku alilijua. Kitu kilichochoka hutiwa kinachokaa, si kinachokimbia.

Jilore, mbele ya nyumba ya Kadzo, niliitazama dashibodi. Hapakuwa na taa. Hata hivyo nikazima gari. Kadzo alisikia ukimya ule, akatoka na kiti, na nyuma ya nyumba kuku wakaanza kelele.

Mama aliteremka bila kushikwa mkono. Kadzo akasimama na kuuinua uso wake, akingoja viganja kama siku ile. Viganja havikuja. Mama alisimama pale mbali, mikono chini, akamwangalia sana.

"Kadzo," akasema, "kumbe tumezeeka hivi."

"Mimi nilijua zamani," Kadzo akajibu. "Nilikuwa nakuficha."