Mwalimu Niliyekataa Kumfukuza

Hapa Endarasha hakuna mtu anayeniuliza shule yangu ilianza vipi, kwa sababu wote nimeshawaambia. Mimi niliacha masomo darasa la sita. Nilibeba kabichi za watu mpaka nikapata zangu, nikazipeleka sokoni Kenol kwa lori nikiwa dereva, mpakiaji na tajiri, mtu mmoja. Leo niko na shule ya mawe mpaka gredi ya tisa, na watu waliomaliza chuo wanabisha mlango wa ofisi yangu wakitafuta kazi. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ni kweli.

Kujenga hakujawahi kunishinda. Shida ni walimu. Unamchukua kijana kutoka chuo, anafunza kidogo, anaanza kuiva, serikali inamwajiri. Unarudi mwanzo na mwingine ambaye bado anashika chaki kama sigara. Wazazi hawataki kusikia hayo. Wanataka mtoto ajue.

Mwaka jana mwalimu wa hesabu wa gredi ya nne alikuwa msichana mgeni kazini, Mwislamu wa pale Nyeri mjini, wa familia ya maduka. Cheti chake kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwekewa mezani. Darasani alikuwa anazama. Mtoto akimwuliza swali, alirudia maneno yale yale ya kitabu, tofauti ni kwamba alipaza sauti. Kabla ya katikati ya muhula wazazi waliingia ofisini kwangu, wakiongozwa na mwenye bucha ya pale steji ya matatu.

"Mzee, sisi tunakuheshimu," mwenye bucha akaanza. "Lakini huyu msichana, ati anafunza nini? Kijana yangu anarudi nyumbani anauliza mimi. Mimi ni mtu wa nyama."

"Amesomea ualimu," nikamwambia.

"Basi arudishe hiyo masomo. Tukifungua shule muhula ujao nimkute hapa, naondoa watoto yangu."

Wengine wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Walipotoka, mwalimu mkuu wangu, mama ambaye nimekuwa naye tangu shule ikiwa ya mabati, akafunga mlango.

"Bosi, tumwache aende. Wenye vyeti wako wengi."

"Na huyo utakayeleta atakuwa amejua?"

Mimi nimeajiri madereva wengi. Hakuna hata mmoja aliyetoka na leseni jana nikampa lori limejaa, ateremke peke yake na mvua ya Aprili. Kila mmoja nilikaa naye mbele ndani ya lori, nikimwonyesha breki zinalia wapi na gia inabadilishwa wapi. Lakini mwalimu tunampa watoto darasa zima siku ya kwanza, tunafunga mlango, halafu tunashangaa. Nikaamua huyu msichana hatoki. Atakuwa mwalimu, na atakuwa mwalimu hapa kwangu.

Sasa kwa namna gani, hiyo sikujua. Mimi breki ninazijua, hesabu ya gredi ya nne sijui inafundishwa vipi.

Wiki hizo akafika mama mhadhiri kutoka chuo kikuu, aliyekuwa akitembelea shule kuanzia huku kwetu hadi Nanyuki na Doldol. Utafiti wake ulikuwa juu ya namna walimu wapya wanavyojifunza kazi wakiwa tayari kazini. Alitaka walimu wapange somo pamoja, mmoja alifundishe, wengine wakae darasani wakitazama watoto, halafu wote walizungumzie. Iwe kila Ijumaa. Nikamwuliza kama hiyo inamfanya mtu awe mwalimu.

"Hiyo ndiyo ninataka kujua," akasema.

Jibu hilo nililipenda. Watu wa vyuo wakija kwangu huwa tayari wanajua. Nikampa gredi ya nne.

Sasa, shule zetu za huku ziko na kitu kinaitwa somo la wageni. Mgeni akitangazwa, darasa linafundishwa somo lake mapema mpaka liteleze. Watoto wagumu wanapelekwa kumwagilia miti. Waliobaki wote wanainua mikono kila swali: anayejua anainua wa kulia, asiyejua wa kushoto, na mwalimu anajua nani wa kuchagua. Mwalimu mkuu alilitayarisha hilo somo bila kuniuliza, na hata angeniuliza ningekubali. Hata mimi nilitaka tuonekane.

Ijumaa ya kwanza likapita kama gari jipya kwenye lami. Lakini yule mhadhiri hakukaa nyuma. Alibanana na watoto kwenye dawati, karibu na mtoto mmoja wa kike aliyeinua mkono juu kabisa.

"Mbona unainua wa kushoto?" akamnong'oneza.

"Kwa sababu sijui."

Ofisini mhadhiri hakukasirika. Alikunywa chai yake, akamgeukia yule mwalimu kijana. "Leo wewe umejifunza nini?"

Msichana akaangalia kikombe. "Hakuna."

"Basi hata mimi."

Nikawaambia walimu wote waliokuwa pale kwamba Ijumaa inayofuata miti haimwagiliwi, na atakayefundisha watoto somo mapema nitaongea naye. Mwalimu mkuu akasema tutaaibika. Nikamwambia tuaibike.

Somo la pili lilikuwa la nusu na robo. Nilikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinigusa kidevu, mwalimu mkuu kando yangu. Mwanzo ulikuwa mbaya. Kisha kijana wa mwenye bucha akasimama.

"Ticha, nne ni kubwa kuliko mbili. Kwa nini robo iwe ndogo kuliko nusu?"

Msichana akafungua mdomo aseme maneno ya kitabu, akaufunga. Mwalimu mkuu akaanza kuinuka, nikamshika sweta.

"Bosi, amekwama."

"Nimeona. Kaa chini."

Alikaa. Mbele kule msichana alikuwa amejishika mikono. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Nani anaweza kutusaidia mimi na yeye?"

Mtoto mmoja karibu na dirisha akasema, "Guka, babu yetu, aligawa shamba. Baba na ndugu zake wako wanne. Baba alipata kidogo tu."

"Kwetu wako wawili," akadakia mwingine. "Baba alipata mpaka mtoni."

Hapo ndipo nilipoona msichana akigeuka kuwa mtu mwingine. Alichora shamba ubaoni, akaligawa kwa wawili, akachora lingine akaligawa kwa wanne. Watoto wa huku, ukiwaongelesha shamba, hakuna anayelala.

"Na wangekuwa wanane?" akawauliza.

"Hakuna mahali ya ng'ombe," mmoja akasema, na darasa likacheka, naye akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Nisidanganye kwamba mambo yakaisha hapo. Ijumaa iliyofuata alichanganyikiwa tena, na ile ya baada yake mwalimu mkuu alimwonyesha safu nzima ya watoto ambao hakuwauliza kitu. "Sikuwaona," msichana akasema, akaandika. Lakini alikuwa anakuja Ijumaa akiwa amesimama wima, na maswali aliyakaribisha. Mhadhiri alimaliza kazi yake akaondoka, bila kuniahidi chochote.

Shule ilipofunguliwa wazazi wakarudi ofisini.

"Mzee, bado yuko?" mwenye bucha akauliza.

"Yuko. Ingia darasani ukae, umtazame."

"Mimi nilikuambia nitaondoa watoto."

"Uliniambia. Na mimi nakuambia yuko."

Akaondoa watoto wake wawili siku hiyo hiyo. Mmoja alikuwa yule kijana wa swali, na hilo liliniuma. Nilingoja wengine wamfuate. Mama mmoja akakohoa, akauliza kama huyo mwalimu ataendelea na watoto wao gredi ya tano. Nikasema ataendelea. Hakuna aliyeinuka.

Jioni nilimwita msichana nikamwambia amebaki. Alishukuru, kisha akauliza kama Ijumaa zinaweza kuendelea hata bila mhadhiri.

"Zitaendelea," nikasema. "Lakini ya kwanza atafundisha mwalimu mkuu. Wewe utakaa nyuma utazame watoto."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa mlangoni, aliniangalia kama nimemtukana mbele ya wakwe. Akaenda zake. Ijumaa alikuwa darasani mapema, akifuta ubao uliokuwa safi.