Siku Mdogo Wangu Alipopimwa Katuba

Mdogo wangu alirudi Lubumbashi kama mgeni. Alishuka kwenye basi la timu ya judo ya Zambia, pasipoti ya Zambia mfukoni, akapangiwa hoteli ya mjini pamoja na wenzake. Nyumba aliyokulia ilikuwa Katuba, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Tulikuwa watoto watatu wazazi wetu walipofariki, na mimi ndiye wa kwanza. Nilikuwa nimeanza sekondari. Nikaacha, nikaingia kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi, na mpaka leo niko hapo. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliolewa. Huyu wa katikati alisoma mpaka chuo kikuu, kule Kasapa, na jioni padri alimfundisha judo katika ukumbi wa parokia, juu ya maturubai yaliyotandikwa kwenye vumbi la mbao. Kisha wanafunzi wakaandamana, na wenzake wawili wakachukuliwa na watu wasiojulikana. Nilimfungia nguo na unga kidogo, akavuka mpaka wa Kasumbalesa.

Aliishi miaka mingi kambini. Aliwafundisha watoto wa wakimbizi jinsi ya kuanguka bila kuumia, na hapo ndipo kocha mmoja mwanamke alipomwona. Mwishowe Zambia ikampa uraia. Haya yalikuwa mashindano yake ya kwanza kwa jina la nchi hiyo, na yakaangukia Lubumbashi.

Kocha alikuwa amebishana sana na wakubwa wake ili wamchukue. Alikuwepo kijana mzaliwa wa Lusaka, mwenye uzito uleule, naye alikuja kama akiba. Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, aliniambia kwa simu: "Yaya, nikipita kilo sitini na sita, batamuweka ule mwingine. Na habatasema nimenenepa. Batasema, tulijua, huyu haiko wetu."

Siku ya kupimwa, kesho yake ikiwa mapambano, kocha alimruhusu aje nyumbani mchana. Alikuta kuku, sombe ya majani ya muhogo na bukari, ugali wetu, vimefunikwa mezani, mdogo wetu na mume wake wakimngoja, majirani wamejaa sebuleni. Akakaa, mikono kati ya magoti.

"Nitakula kesho," alisema.

Kwetu, mtu aliyetoka safarini haulizwi habari kabla hajala. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimtazama, naye akatutazama. Jirani akakohoa. Kuku akaanza kupoa.

Shemeji ndiye aliyevunja ukimya. "Sasa utatuangalia hivi mpaka lini, shemeji? Si kuko mizani kwa mashine? Twende bakupime, tujue."

Tukaenda wote, kama watu wanaosindikiza bwana harusi. Mizani yetu ni ya kupimia magunia tunayonunua kwa wakulima wa Kasungami. Kila msimu wakulima hao wanalalamika kwamba inawaibia. Shemeji mwenyewe aliwahi kuleta mahindi pale, na karibu avuliwe shati kwa ugomvi. Mdogo wangu akavua viatu, akapanda. Mshale ulitikisika, ukasimama kwenye sitini na tano.

"Kilo muzima!" Shemeji alipiga makofi. "Kilo muzima iko bure! Kula, papa, yaya yako asilie."

Hakuna aliyekumbuka malalamiko ya Kasungami. Mizani ilikuwa imesema tulichotaka kusikia. Alikula paja la kuku na matonge machache ya bukari, akashushia na maji. Alikula taratibu, amefumba macho. Kabla hatujaanza kumuuliza habari, muda wake ukaisha, nikamsindikiza kwenye ukumbi wa mashindano.

Mle ndani kulikuwa na mizani ya kujaribia, na nyingine rasmi ambayo mchezaji anaipanda mara moja tu. Ya kujaribia ilionyesha sitini na sita na gramu mia sita. Mdogo wangu alishuka. Kijana wa Lusaka, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

Kocha aliniuliza kwa Kibemba, lugha ninayoisikia, tulimpima wapi.

"Kwa mashine ya kusaga."

"Ile ya magunia?" aliuliza. "Mama, mimi nimeuza mahindi Kasumbalesa. Ile mizani naijua."

Ilibaki saa moja kabla upimaji rasmi haujafungwa. Wakamvalisha makoti mawili na mfuko wa nailoni chini yake, wakamwambia azunguke ukumbi kwa nje, mbio. Jua lilikuwa bado kali. Nilisimama kwenye kona. Hakuweza kuzungumza, alikuwa akikimbia na kutema mate. Lakini alikuwa ameshakula kwetu, basi habari ziliruhusiwa. Kila alipopita nilimpa moja.

"Kaburi ya mama tulijengea simenti."

Akatikisa kichwa, akapita. Akazunguka tena.

"Ule mupadri wa judo alihamishwa Likasi."

Akapita.

"Ule binti uliyekuwa unamuandikia mashairi alioa polisi. Yeye ndiye alimuoa, si polisi!"

Akacheka mpaka akayumba. Kocha alipaza sauti: "Usimchekeshe!" Kisha akamtazama usoni, jasho likichuruzika. "Ngoja. Mchekeshe. Inasaidia."

Nikaendelea mpaka habari zikaniisha, nikaanza kusema za majirani wasio na maana.

Aliingia kupimwa dakika za mwisho. Wanawake hawakuruhusiwa humo, kwa hiyo mimi na kocha tulisimama pamoja mlangoni. Alitoka amejifunga taulo, anatetemeka kwenye joto lile.

"Sitini na sita," alisema. "Kamili."

Kijana wa Lusaka akafunga kamba za viatu, akaenda kumletea maji.

Kesho yake alishinda pambano la kwanza na kushindwa la pili. Nilikaa upande wa Wazambia. Nyuma yangu mtu aliuliza, "Mama, umehama inchi?" Nikamjibu, "Sikuhama. Nimekuja kuona mutoto wangu."

Basi lilipokuwa likipakia mizigo, kocha aliwapanga wachezaji wote. Aliwaambia mazoezi ni Jumatatu asubuhi, na atakayechelewa atabeba mikeka peke yake mwezi mzima. Akamnyooshea kidole mdogo wangu kama alivyowanyooshea wengine. "Na wewe pia. Usinipe hadithi za nyumbani."

"Ndiyo, kocha," alijibu, akapanda basi.