Jiko la Rangi Moja

Wanafunzi wa zamani walimwita Mama Mwiko, na hata alipostaafu upishi wa shule ya bweni jina lilimfuata mpaka sokoni. Alikuwa mwanamke wa sauti. Akikohoa tu, bweni zima lilijipanga mstari. Sasa mwanamke huyo, jamani, alikuwa anaogopa hata kikombe chake mwenyewe.

Tuseme ukweli: alikuwa anapofuka, na hakumwambia mtu. Ilianza pembeni. Mtu akija ubavuni alimwona ameshafika, akaruka na kupiga kelele, halafu akajifanya alikuwa anatania. Kisha rangi hafifu zikaanza kupotea. Kikombe cheupe juu ya meza nyeupe alikitafuta kwa kiganja. Hospitali hakwenda ng'o. Alijua atakachoambiwa, maana dada yake alipofuka hivyo hivyo, akachukuliwa na mwanawe na kuwekwa kwenye kiti karibu na dirisha. "Kaa tu, mama, usishike kitu." Akakaa, mpaka akafa amekaa. Kila alipotoka kumtembelea, Mama Mwiko aliapa moyoni: mimi hawaniwekei kiti.

Jikoni kwake alijimudu. Makabati yalikuwa ya mtiki ulioiva rangi ya kahawa kali, sawa na milango na fremu za madirisha, kwa sababu marehemu mumewe aliagiza vyote kwa fundi mmoja. Kaunta ilikuwa jiwe jeusi, sakafu vigae vya krimu. Penye giza ni kabati, penye mwanga ni sakafu, na pale weusi unapoisha sufuria isipite. Kwa hesabu hiyo alipika, akaosha, akapokea wageni, na hakuna aliyeshtuka.

Ndipo mchwa wakaingia. Mchwa hawana adabu, walianzia chini ya sinki, palipokuwa pameoza kwa maji, wakala ubao mpaka bawaba zikabaki zinaning'inia. Binti yake wa kwanza, mshonaji wa magauni ya harusi, alifungua kabati moja na mlango ukambaki mkononi.

"Tunang'oa yote, mama," alisema. "Zawadi yetu, mimi na mdogo wangu. Wewe kazi yako ni kuchagua rangi."

Mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, mtu wa masihara asiyejua kunyamaza, alipiga makofi. Mama Mwiko alitabasamu. Kuchagua rangi!

Fundi waliyemleta aliitwa Rula, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila rula mfuko wa nyuma, hata msibani. Alikuja na vibao vya sampuli vimefungwa kwa kamba. "Rangi haichaguliwi dukani," alisema, akivipanga. "Inachaguliwa hapa hapa, na ubao usimame kama mlango utakavyosimama. Ukilala, mwanga unakudanganya." Vingine aliviegemeza ukutani, vingine vikasubiri chini. "Vigae hivi vina umanjano kwa mbali. Nikiweka nyeupe ya kijivujivu, vitaonekana vichafu hata ukipiga deki kutwa. Tutafute nyeupe iliyokaa kimaziwa. Haya mama, kipi kinaendana?"

Mama Mwiko alikiona kimoja tu, kile cheusi cha kahawa iliyokolea. Vingine vilikuwa vimezama kwenye vigae na ukuta, kama havikuletwa. Alijipa moyo, akasogea hatua, na chini ya kiatu kitu kikalia kraa!

"Mama! Umekikanyaga!"

"Nimekanyaga makusudi," alijibu, sauti ile ile ya bweni. "Kabati lisilobeba mguu wa kikongwe litabeba unga wangu?"

Wakacheka wote. Rula naye alicheka, lakini aliinama kuokota vipande taratibu mno, na Mama Mwiko akahisi anatazamwa. Akakunja mikono kifuani.

"Nataka hiki cheusi," alisema haraka. "Kiendane na milango."

"Cheusi tena? Jiko liwe stoo?" Binti alimshika bega. "Milango ibaki na rangi yake, haina ugomvi. Lakini kabati, kaunta na sakafu vishikane, viwe ndugu. Rangi ndiyo kazi yangu, mama, niachie mimi."

"Nimesema cheusi."

"Unamlilia baba," binti alisema, sauti imeshuka. "Nakujua. Ndiyo maana nataka tubadilishe, upate kupumua."

Kueleza sababu ilikuwa sawa na kujivutia kiti mwenyewe. Akaenda kuinjika chai, nao wakahesabu kuwa amekubali.

Kazi ilipoanza alihamia kwa binti kwa muda, na huko aliteseka. Nyumba ya watu haina huruma. Alitembea vidole vikiwa ukutani, akagonga ugoko kwenye vimeza visivyo na kazi, akavunja glasi na kusingizia sabuni. Akiitwa mezani alisubiri wengine wakae kwanza, ajue viti viko wapi. Alikuwa mtu wa kuogopa kutoka asubuhi mpaka jioni, na woga unachosha kuliko kulima.

"Umechoka, mama," binti alimwambia siku moja, akimkazia macho. "Kwa nini usihamie hapa moja kwa moja? Chumba kipo. Nimekuwekea na kiti kizuri pale dirishani."

Mama Mwiko alilipa dirisha mgongo. "Nina jiko jipya," alisema. "Nani atalipikia, mchwa?"

Siku ya kukabidhiwa jiko walikwenda mchana, jua la utosi. Dereva alikuwa ameshafika, simu juu, anarekodi. Rula alisimama uani anafuta mikono. "Funga macho, mama!" walimwambia, wakamshika mikono wakamwingiza, wakamgeuza aelekee kunakotakiwa, kisha wakamwachia. "Fungua!"

Akafungua. Hapakuwa na jiko.

Hapakuwa na kabati, hapakuwa na kaunta, na chini ya miguu yake hapakuwa na sakafu. Palikuwa na weupe tu, wa maziwa, kushoto, kulia, juu na chini, usio na pembe wala mwisho. Rula alikuwa ameshikanisha kila kitu kama alivyoagizwa, kazi safi, nyeupe moja mpaka vitasa. Milango ya mtiki na fremu za madirisha vilikuwa nyuma ya mgongo wake. Mama Mwiko alipepesa macho, akayafikicha, akapepesa tena. Yamezima, alifikiri. Yamezima sasa hivi, mbele ya watoto. Alinyoosha mikono, ikashika hewa.

"Macho yangu!" alipiga ukelele. "Wanangu, nimepofuka! Sioni!"

"Mama bwana!" Dereva alicheka, simu bado juu. "Uzuri umekupofua!"

Lakini mama yao alikuwa ameshashuka chini. Alitambaa, yeye aliyetisha bweni zima, akipapasa vigae, akitafuta mahali sakafu inapoishia na kabati kuanza, akilia kwa sauti. Simu ikashuka. Dereva akaganda mdomo wazi. Binti alipiga magoti mbele yake, akamkamata mabega.

Alikuwa amevaa gauni la bluu iliyokolea. Katika weupe ule wote likajitokeza doa moja, likawa mabega, likawa mwanawe.

"Nakuona," mama alisema, akimshika kwa nguvu. "Nakuona wewe tu. Vingine vyote sivioni."

"Tangu lini, mama?"

Kuficha tena hakukuwa na maana. Akaeleza yote pale chini sakafuni, dada yake, kile kiti, kibao alichokanyaga, glasi. Dereva alitoka nje akaegemea ukuta, akaifuta ile video aliyorekodi.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke asiyezunguka maneno. Presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki matone yatakilinda, akiyatia kila siku bila kuruka. "Laiti ungekuja mwanzo," alisema kwa upole, na Mama Mwiko alitamani angemgombeza tu. "Ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Watoto wako wapimwe."

"Mimi?" Mshonaji alicheka. "Natunga uzi kwenye sindano bila miwani."

"Sindano iko mbele yako. Huu unaanzia pembeni. Kaa hapa."

Wakamkalisha, kidevu juu ya mashine, mkononi kitufe. Kila akiona kinuru alipaswa kubonyeza. Mama Mwiko, kwenye benchi nyuma yake, hakuweza kuona chochote cha maana, ila masikio yalikuwa mazima. Tik. Tik. Tik. Kisha kimya. Tik. Kisha kimya tena, kirefu. Bonyeza, mwanangu, aliomba kimoyomoyo, bonyeza basi.

"Imeshaanza," daktari alisema hatimaye. "Ni mapema. Ukifuata dawa, utashona mpaka uzeeke."

Walitoka wakakaa kwenye ukuta mfupi nje ya hospitali. Habari ya kuhama hakuna aliyeikumbuka. Binti alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya dawa.

"Usimwambie mtu, mama," alisema. "Wateja wakisikia, nani ataniletea gauni la harusi? Mume wangu nitamwambia mwenyewe, baadaye. Na mdogo wangu asijue kabisa, yule hana siri."

Mama Mwiko alisikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa ameogopa miaka, lakini aliogopea nafsi yake, na woga ule sasa aliuona mdogo sana.

"Mdogo wako yuko wapi leo?"

"Safarini. Amebeba saruji." Binti alitamka, kisha mikono ikaacha kukunja.

"Mpigie."

"Mama, anaendesha."

"Ndiyo maana nasema mpigie! Kama naye haoni pembeni?"

Alipiga, akaweka sauti ya juu. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika. Ikapokelewa, na ngurumo ya lori ikajaa kati yao.

"Mama Mwiko!" Dereva alipaza sauti, furaha tupu. "Daktari kasemaje? Tulipake jiko lami?"

"Simamisha gari."

"Nini? Sikusikii! Kuna mtu kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Weka gari pembeni, baba, uzime, halafu nikueleze."

"Nipite kwanza huyu mbele yangu, mama, dakika moja."

"Usimpite!" walipiga kelele wote wawili kwa pamoja, wameshika simu moja, na ngurumo ilikuwa bado inapanda.