Harusi Isiyokuwa na Nyama

Siku hizi harusi za Dodoma zinafanyika ukumbini, na chakula kinaletwa na wapishi wa kukodi. Hakuna anayeuliza aliyechinja ni nani. Huwa nakula na kushukuru, ila najikuta nimekosa kitu, nami napenda kujua hasa ninachokikosa ni nini. Nimefikiri nikaona ni ile asubuhi ya kumsubiri mchinjaji.

Kwetu Chang'ombe, hii ya Dodoma, mchinjaji alikuwa jirani wa nyumba ya pili, Mwislamu mwenye bucha, ambaye mababu zake walikuja huku na misafara ya biashara wakabaki. Sisi watoto tulimwita baba mkubwa, na mkewe mama mkubwa. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Krismasi ikifika, au kipaimara, au msiba, alimtuma mmoja wetu kwenda kumwita. Jirani alikuja na kisu amekizungushia gazeti, akanywa chai kwanza, akamlaza mnyama kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Haki yake ilikuwa nyama ya shingo.

Utaratibu huo haukuandikwa popote. Sababu yake ilikuwa jikoni. Alichochinja yeye tuliweza kula sote. Angechinja mmoja wetu, mama mkubwa asingekula. Na haikuwahi kuwapo sherehe nyumbani kwetu ambayo mama mkubwa hakuipika. Yeye na mama walisonga ugali katika sufuria moja tangu sijazaliwa.

Mwaka alioolewa dada yangu, habari za Wakristo na Waislamu kugombania kuchinja zilikuwa zinasikika redioni, na sehemu nyingine watu walikuwa wameumizana. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameanza kusali na kikundi kipya cha vijana. Kwenye kikao cha harusi akasimama akasema ng'ombe wa harusi ya Kikristo lazima achinjwe na Mkristo.

"Na mama mkubwa wako atakula nini?" mama akamuuliza.

"Apikiwe kuku wake pembeni."

"Aliyepika ndiye akale pembeni? Adabu hiyo umefundishwa na nani?"

Akaketi. Mama alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kwenye harusi ile: rafiki yake akae naye mkeka mmoja wale pamoja siku ya kumtoa binti yao. Alisema "binti yetu" akimaanisha wao wawili. Baba akafunga kikao kwa kusema kwamba jirani ataitwa kama siku zote.

Hapa nieleze kidogo juu ya baba. Katika habari zote za mateso ya Yesu, aliyoipenda kutusimulia ni ya usiku wa bustanini, mfuasi alipochomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma Kizota, shule yangu ni ya msingi tu, mengine nimejisomea mwenyewe. Nimelinganisha Injili zote nne. Zote zinasimulia kukatwa kwa sikio. Moja tu ndiyo inayosimulia kwamba Yesu aliliponya. Baba aliishikilia hiyo moja. Alisema kazi ya mwisho ya mikono ile, kabla haijafungwa kamba, ilikuwa kutengeneza kilichoharibiwa na mtu wake mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiunga vitu vilivyovunjwa na watu, na bado sijasikia maelezo ya amani yaliyo mafupi kuliko hayo.

Asubuhi ya harusi ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye ua wa minyaa. Mjomba alimtoa Kongwa siku chache kabla. Wanawake walikuwa uani, mama mkubwa akiwa katikati yao anachambua mchele. Mdogo wangu na wenzake watatu walikuwa wamesimama penye lango, yeye ameshika panga. Jirani akatokea na kisu chake.

"Shikamoo, baba mkubwa," mdogo wangu akasema. Hata siku hiyo hakuacha kuamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Leo usipite na hicho kisu. Ukipita, mkono utabaki hapa."

Jirani akasimama. "Mimi nimeitwa," akasema taratibu. "Aliyeniita akiniambia rudi, nitarudi."

Mama mkubwa akanyanyuka na ungo wake. "Hilo panga umelitoa wapi? Mbona lina kutu? Nimekubeba mgongoni mama yako kalazwa hospitali, ukanikojolea khanga zote mbili, leo unakuja kumkata mume wangu na panga la kukatia majani ya mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Mmoja wa wale vijana naye akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu kijana aliyechekwa huku ameshika silaha anaweza kuitumia ili tu kicheko kinyamaze.

Baba akatoka ndani, shati la harusi halijafungwa vifungo.

"Baba, usinizuie," mdogo wangu akasema. "Bwana mwenyewe alisema amekuja na upanga."

"Alisema," baba akajibu. "Na siku upanga ulipochomolewa kweli mbele yake, alifanya nini?"

Jibu mdogo wangu alilijua, tulilelewa nalo.

Baba akamgeukia jirani, akamwomba radhi kwa kumwita kwenye matusi. Kisha akaniambia, "Mfungue ng'ombe. Mrudishe kwa mjomba wako. Hachinjwi na huyu wala hachinjwi na hawa."

"Na watu wa Kongwa wanaokuja kuoa?" mama akauliza. "Watakula nini?"

"Tutakachokula sote. Mtume aliwaandikia Wakorintho kwamba kama nyama inamwangusha ndugu yake, bora asiile maisha yake yote. Mimi naombwa niiache siku moja tu."

Ndani ya nyumba ikasikika sauti ya dada. "Kwa hiyo mimi naolewa kwa mlenda?"

"Mimi niliolewa kwa maharage na chai ya rangi," mama mkubwa akamjibu kutoka uani, "na mpaka leo mzee huyu hajanikimbia."

Nikamfungua ng'ombe nimkabidhi kijana wa mjomba aliyekuja naye, amrudishe Kongwa. Lango lilikuwa jembamba, ikabidi wale vijana wasogee pembeni kumpisha. Ng'ombe alipokwisha kutoka, jirani akapita, akaingia uani, akaketi akapewa chai yake.

Basi tulipika ugali wa uwele, wali, maharage, na mlenda wa karanga. Kwa mwenye kuozesha binti hiyo ni aibu, na wakwe hawakutuachia. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alisimama na bakuli mkononi. "Tuliambiwa tunakwenda kwa wenye ng'ombe," akasema. "Ni kweli, wanaye. Tumepishana naye njiani akienda zake." Watu walicheka mpaka baba akapangusa macho. Mama na mama mkubwa walikuwa mkeka mmoja, wanakula kutoka sinia moja na kuwasema wakwe kwa sauti ya chini.

Wale vijana watatu walikuwa wameondoka. Mdogo wangu alibaki, ameegemea ukuta, hajala kitu tangu asubuhi. Mama mkubwa akamwona. Hakumwita kwa jina, alimwonyesha tu kwa mkono nafasi iliyokuwa imebaki kwenye mkeka wa wanaume. Ilikuwa karibu na mumewe. Mdogo wangu akaja, akanawa, akakaa. Jirani akalisogeza bakuli la mlenda mpaka katikati yao, akakata tonge lake, na mdogo wangu naye akakata lake.