Viazi Chini ya Mtetea Wangu

Mwalimu Kamugisha ni mstaarabu kupita kiasi, na hilo ndilo linalomfanya awe jirani mgumu. Hapa Chanika mtu akikukosea unamfuata kwake, mnarushiana maneno, yanaisha. Yeye utamrushia nini, wakati kabla hujafungua kinywa ameshakuvutia kiti na kukuuliza mafua yako yanaendeleaje? Alifundisha baiolojia sekondari miaka thelathini na moja. Sasa amestaafu, tumepakana, anafuga bata, na hata kwenda kuwalisha anavaa shati la mikono mirefu.

Bata wake hawakutaka kuatamia, akaniomba niweke mayai yao manne chini ya mtetea wangu. Kwetu ni jambo la kawaida. Kuku hachagui mtoto. Tukatanguliza ya bata, maana bata huchelewa kutotoa, na wiki moja baadaye nikaongeza manane ya kuku. Vifaranga wa bata tungegawana nusu kwa nusu. Wa kuku ni wangu wote, na nilikuwa nimeshawapigia hesabu ya Idi.

Siku ya tisa tangu niweke ya kuku, nikaingiza mkono kukagua. Nikashika kitu kizito kuliko yai. Kilikuwa kiazi mviringo, tena kimeoshwa vizuri. Nikapapasa zaidi, nikapata viazi vinne mahali pa mayai manne. Mtetea alikuwa amevilalia kwa moyo wake wote, ananidonoa nisiviguse.

Kicheche akiiba yai haachi kiazi, kwa hiyo nikamdhania mchawi. Kesho yake, baada ya kuswali alasiri, nikaketi juu ya ndoo nyuma ya banda. Haukupita muda, akaja Mwalimu na shati lake, kiazi mkononi. Akamwambia kuku, "Samahani," akachomoa yai, akaweka kiazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Fakihi. Mafua yanaendeleaje?"

"Yamepona. Hicho kiazi cha nini?"

"Niliogopa kuku ataona mayai yamepungua, atasusa."

"Na mie je? Mie sisusi?"

Akanikaribisha barazani. Mezani palikuwa na visahani vinne na lenzi. Alikuwa amepasua yai moja la bata na matatu ya kuku, kila moja kwa siku yake. Nilijiandaa kumtukana, lakini alishanivutia kiti. Nikatazama. Kijusi cha bata kilikuwa na ngozi katikati ya vidole, hilo nililitegemea. Cha kuku cha siku ya nane nacho kilikuwa nayo.

"Wanaanza sawa," akasema. "Kinasaba kinachoiua ngozi hiyo, wote wanacho. Kinachoikinga isife, wote wanacho. Ila kwa bata hicho cha kukinga kinawashwa katikati ya vidole, kwa kuku pale hakiwashwi. Asili yao moja, wamerithi vilevile. Swichi ndizo zilizobadilika vizazi kwa vizazi. Ni kama nyumba zetu, fundi mmoja, waya uleule, ila taa ya uani kwako inawaka, kwangu haiwaki."

"Kwako haiwaki kwa sababu hujanunua luku," nikamwambia. Hasira ilikuwa bado.

Hakucheka. Alilifuta yai aliloshika, akanirudishia. "Leo ni siku ya kumi. Leo ngozi ya kuku inapaswa iwe imetoweka. Ndilo pekee lililobaki kuona. Lakini yai ni lako, na nilikosa kwa kutokuomba."

Lilikuwa na joto la kuku bado. Kifaranga wangu yumo mle.

"Mwalimu, miaka yote ile uliwafundisha watoto wa watu, hukuwahi kuona?"

"Kitabu kilisema. Mimi nilichora ubaoni. Shule haikuwa na lenzi hata moja. Wakiniuliza nimeona wapi, nawaambia waandike, itakuja kwenye mtihani."

Nilimwonea huruma, na iliniudhi kumwonea huruma mwizi wangu. Nikaligonga yai ukingoni mwa kisahani, nikalipasua mwenyewe.

Vidole vilikuwa vimeachana, kimoja kimoja, vyembamba. Mwalimu akainama juu ya lenzi. Nikasubiri somo, maana nilijua litakuja. Badala yake alivua miwani, akajifuta macho kwa ule mkono mrefu wa shati.

"Kumbe sikuwadanganya," akasema.