Shoto wa Kona ya Kulia

Tangu akiwa msichana watu walimwita Shoto, naye akaitika, maana kila alichokishika alikishika kwa mkono wa kushoto: kijiko, ufunguo, donge la unga, na zaidi ya vyote mpira. Alikuwa mwoka mikate. Miaka hamsini alikuwa ameiacha nyuma kitambo na wajukuu walimwita bibi, lakini Jumamosi jioni ungemkuta kwenye uwanja wa saruji nyuma ya maghala, goti limefungwa bendeji, akicheza mpira wa mikono na wanaume kwa wanawake wa kila kazi. Golikipa aliuza vitunguu. Magoli yenyewe yaliungwa na mchomeleaji kwa mabomba ya maji yaliyotupwa, ndiyo maana moja lilikuwa limeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea.

Mchezo huo wachache waliujua. Ukisema mpira wa mikono, mtu anaufikiria ule wa wavu. Basi Shoto aliunyunyiza unga mezani dukani na kuchora kwa kidole nusu duara mbele ya goli. Humu, aliwaambia wateja, anakanyaga golikipa peke yake. Mshambuliaji akitaka kufunga kutoka karibu, aruke juu ya mstari na aachie mpira kabla miguu haijagusa chini. "Ni kuingia nyumba ya watu bila kukanyaga sakafu," alisema, na macho yake yalikuwa yamesharuka.

Mkate hakumkabidhi mtu. Alimrushia. Aliyeudaka vizuri aliambiwa saa ya mazoezi hapohapo, hata kama alikuwa na haraka, hata kama alikuwa amevaa suti. Nusu ya timu ilipatikana hivyo. Mumewe, fundi redio, alizoea kusema kwamba yeye naye alidaka mkate siku moja, na tazama sasa, hajaweza kuurudisha.

Wenzake walimwonya jambo moja tu: alete watu wote, ila asilete shoto mwingine. Kona ya kulia ya uwanja humpenda mtu wa mkono wa kushoto, kwa kuwa kutoka pale mkono wake unaliona goli lote, na wa kulia analiona nusu. Kona ni moja. Kwenye kikosi hicho kidogo, kuleta shoto wa pili ni kujiletea mke mwenza.

Siku msusi wa duka la jirani alipoingia kununua mkate, povu la shampuu bado masikioni mwa mteja aliyemwacha kitini, Shoto alirusha bila kuwaza. Mkono wa kushoto ulitoka na kuudaka juu kabisa, karibu na taa. Shoto angeweza kumtakia siku njema, na hakuna ambaye angejua. Kinywa chake kikamtajia Jumamosi.

Akamfundisha mwenyewe, tena bila choyo: namna ya kukimbia kwa upinde, namna ya kukunja kifundo cha mkono ili mpira umzunguke golikipa. Msusi alikuwa na miguu ya swala na masikio ya kusikia. Kabla mvua hazijakatika, alikuwa akifunga mabao ambayo Shoto aliyafunga ujanani.

Ndipo ukaja mwaliko wa timu ya mji wa pili, mechi ya kweli, yenye mwamuzi na watazamaji. Shoto alikuwa ameiota kwa miaka. Kocha alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, msambaza barua, mtu wa utani mwingi. Lakini asubuhi moja kabla ya mechi aliingia dukani bila utani na kushika trei isiyo yake.

"Sema, shemeji. Trei haijakukosea kitu."

Akasema. Msusi angeshambulia. Shoto angeingia timu ikilinda tu, kisha atoke mpira ukipatikana; mchezo huu unaruhusu watu kubadilishana hivyo muda wote. Anajua kusimama, anajua kuziba njia. Shoto alimuuliza kama ina maana hataruka tena. Shemeji akairudisha trei mezani. Siku ile mikate ya trei ya pili iliungua chini.

Alicheza kama alivyoagizwa. Aliingia, akaziba, akatoka. Akaingia, akaziba, akatoka. Kila alipotoka msusi alimpita mstarini akikimbilia kona ile, naye alikaa benchi akipiga makofi ambayo mikono iliyapiga bila moyo.

Kipindi cha pili wapinzani walipigiana pasi ya uvivu mbele yake. Mkono wa kushoto ukainyakua. Mbele palikuwa peupe. Shemeji alimwita atoke, amwachie mwenzake. Msusi alikuwa tayari mstarini, haruhusiwi kuingia mpaka yeye atoke.

"Nenda, mama!" msusi akapaza sauti. "Nenda tu!"

Alikwenda, mkono ukidundisha mpira. Pumzi ilikwenda naye hadi katikati, kisha ikambwaga, akaendelea bila hiyo. Aliruka kutoka upande ule ule wa kulia, na kwa kitambo kidogo hakuwa na umri. Golikipa alitanua mikono na miguu. Mpira ukapita chini ya kwapa lake.

Alipotua, goti lilikataa. Akabaki ameketi kwenye saruji ya nusu duara, akiutazama mpira wavuni huku uso umekunjwa kwa maumivu na raha. Msusi na golikipa aliyefungwa walimkokota hadi benchi. Shemeji alisimama pale, hajui amgombeze au amkumbatie.

"Bao limehesabiwa?" Shoto akauliza.

"Limehesabiwa. Na bado tuko nyuma."

Akauondoa mkono wa msusi begani mwake. "Usinishike kama mgonjwa. Kona ni yako, ingia. Na golikipa wao ni mzito chini ya kwapa."

Msusi akaingia. Shoto akanyoosha mguu juu ya benchi, akaomba barafu, akaanza kupiga makofi, safari hii kwa nguvu na mikono juu kiasi kwamba mtazamaji aliyeketi nyuma yake alimwomba asogee kidogo, haoni.