Siku Nilipoipatanisha Minnesota na Marekani

Habari hii huwa siitoi mimi, huitoa mke wangu, tena mbele ya wageni, tena nikiwa na tonge mdomoni na siwezi kujitetea, kwa hiyo leo nimeona niitoe mwenyewe ili angalau mjue kwamba nia yangu ilikuwa njema. Ndiyo, ni kweli, kondoo wangu wa posa aliliwa kwa ajili ya kura za Marekani. Ndiyo, ni kweli, Mkanada wa watu niliyemwalika kula nyama alijikuta anabembelezwa asamehe ugomvi usiomhusu. Chekeni kwanza, mkimaliza nitaendelea.

Mwaka ulikuwa themanini na nne, na mimi kijana wa Tumati, kijiji cha huko juu milimani, nilikuwa nimeshuka Hanang kutafuta kazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali, nikaipata, nikawa dereva wa trekta. Mashamba yale, jamani, unaanza mstari asubuhi unaenda kuumalizia kule ambako Wabarbaig walikuwa wakinyweshea ng'ombe zamani (na wenyewe walikuwa wakisimama pembeni na fimbo zao wakitutazama bila kutusalimu, na sikuwalaumu). Jioni unashuka kwenye trekta una vumbi hadi kwenye kope, lakini roho yangu ilikuwa nyeupe, kwa sababu kule juu kidogo ya Katesh kulikuwa na msichana anaitwa Elizabeti, mwimbaji wa kwaya, na mimi nilikuwa nimeshapeleka mshenga.

Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Akonaay, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na masikio marefu. Jibu alilompa mshenga nalikumbuka mpaka leo: "Kijana ana kazi, sawa. Mikono yake tumeiona. Akili yake bado hatujaiona. Asubiri." Basi nikawa nasubiri, huku kondoo dume niliyemwandaa kwa siku ya posa nimemfunga uani kwa rafiki yangu Omari, mwenye duka pale Katesh, anakula pumba na kunenepa, mkia umejaa mpaka akitembea unayumba. Kila nikimtazama yule kondoo naiona harusi.

Sasa pale kijijini kwa kina Elizabeti kulikuwa na mgeni, Bwana Erik, Mmarekani mzee mrefu, mkulima mstaafu kutoka jimbo linaloitwa Minnesota, aliyekuja kwa muda kufunga pampu kwenye kisima cha kanisa. Kiswahili chake alikitoa kitabuni (watoto wakimwambia shikamoo alikuwa anajibu "Karibuni!"), lakini kila mtu alimpenda, na Mzee Akonaay aliyekuwa jirani yake alimchukua kama mdogo wake kabisa. Wiki ile sasa, Bwana Erik akaacha kutoka nje. Mlango umefungwa. Chai inapelekwa, inarudi ilivyo.

Na wiki hiyohiyo Marekani walikuwa wanapiga kura. Jumatano jioni niko kambini na redio yangu, nikasikia mtangazaji wa idhaa ya ng'ambo anasema rais wao yule mzee ameshinda tena, ameshinda majimbo yote, isipokuwa moja tu. Minnesota! Wamempa kura mpinzani, ambaye ni mtoto wa kwao. Limebaki peke yake. (Na mji wao mkuu nao ulimkataa, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye, na afadhali, maana ningelijua siku ile wangetakiwa kondoo wawili.)

Ilikuwa niseme "aha," nizime redio, nilale. Lakini ndugu zangu, mnajua kura zetu za siku zile zilivyokuwa. Kura ya rais ilikuwa picha moja, unasema ndiyo au hapana, na kijiji kikitoa hapana nyingi, basi viongozi watakuja kukaa nanyi kutwa nzima kuuliza mna tatizo gani. Hapo ni kijiji tu. Sasa jimbo zima limesema hapana, peke yake, nchi nzima inalitazama! Nikamwonea huruma Bwana Erik, kweli nilimwonea, lakini nisiwafiche, pembeni ya ile huruma kulikuwa na wazo jingine linasema: hii habari ukimpelekea Mzee Akonaay wa kwanza, ile akili anayoitafuta ataiona leoleo.

Kesho yake baada ya kazi nikadandia lori la shamba mpaka Katesh, nikapanda kilima kwa miguu, nikamkuta Mzee amekaa nje, na Elizabeti mlangoni anachambua maharage.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huko shambani kuna nini?"

"Shambani salama, Mzee. Ila nimekuja na habari ya mgeni wetu, na si nzuri." Nikaieleza yote.

Mzee akatenga mikono yake miwili. "Majimbo yote upande huu, na la kwake peke yake upande ule?"

"Peke yake, Mzee."

"Ndiyo maana hatoi mguu nje," akasema. "Sasa watamfanya nini akirudi?"

Jibu sahihi lilikuwa "sijui". Ni neno fupi, halina gharama. Lakini Elizabeti alikuwa ameacha kuchambua maharage, ananitazama, na mimi nikajikuta nakunja nne na kusema kwa sauti ya mtu aliyeshauriwa na serikali ya huko, "Kwa kuanzia, Mzee, watanyimwa mbolea."

"Mbolea!" Mzee akashika kichwa.

"Na barabara," nikaongeza (huyo shetani sijui alitoka wapi).

Hapo ndipo mambo yalipotoka mikononi mwangu. Mzee alisimama akaweka blanketi lake vizuri begani na kusema, "Kwetu mtu haachwi peke yake. Akikosana na ukoo mzima, wanakaa pamoja, wanakula kondoo mmoja, wazee wanaomba, yanaisha. Huyu ni mgeni wetu. Tumfanyie Jumamosi. Kondoo yupo?"

Nikageuka nyuma kuangalia anaulizwa nani.

"Yule wako wa kwa Omari," akasema Mzee. "Nasikia amenona."

Mtu unajibuje hapo? Baba mkwe wako mtarajiwa anakuomba kondoo ambaye ulikuwa unamlisha ili uje umpe yeye! Nikasema yupo, Mzee, tena amenona sana. Nikadhani yameishia hapo, kumbe bado.

"Lakini kupatanisha kunataka pande mbili," akasema. "Minnesota tunayo. Marekani yenyewe tutaitoa wapi?" Akafikiri. "Huko kwenu shambani si kuna wazungu?"

Huko kwetu alikuwepo Bwana Godoni, mtaalamu wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, na Bwana Godoni alikuwa Mkanada. Hili nililijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu alivaa kofia yenye jani jekundu la nchi yake, na ukimwita Mmarekani anaweka spana chini na kukueleza upya tangu mwanzo. Nilijua yote hayo. Lakini Elizabeti alikuwa bado ananitazama.

"Yuko mmoja, Mzee," nikasema. "Anafaa."

Jumamosi ikafika. Bwana Godoni nilimwambia kuna nyama mahali, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza zaidi. Omari akapanda na kondoo, akamchinja yeye ili Wakristo na Waislamu wote tule bila shida, na mimi nikageuka pembeni wakati ule, nikijifanya natafuta kuni. Kijiji kizima kilikuja, wenye kwaya na wasio na kwaya. Na Bwana Erik alipotoka, jamani, amekonda, macho yameingia ndani, anashikilia mlango, akina mama wakaanza kusema "maskini, maskini," na mimi mwenyewe nikasadiki kabisa kwamba kura ni kitu kibaya.

Mzee akamkalisha Bwana Erik upande mmoja, Bwana Godoni upande wa pili, nyama katikati, na mimi nikasimamishwa kati yao kutafsiri, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba Kiingereza nakijua. (Nilijua cha kwenye trekta. Grisi, klachi, simama, usiguse hapo.) Mzee akaomba kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, watu wanaitikia kwa pamoja mpaka mwili unasisimka: Minnesota irudi kwa ndugu zake, ndugu wasihesabu kosa lake, mvua inyeshe kwao kama inavyonyesha kwa wengine, mbolea ifike.

Bwana Erik akaniuliza pole pole Mzee anasema nini. Nikamwambia anakuombea afya. Machozi yakamlengalenga yule baba, akasimama, akaweka mkono kifuani, akashukuru kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja, na Mzee akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema Minnesota imekubali kosa," nikatafsiri.

Vigelegele! Mzee akamgeukia Bwana Godoni, ambaye muda wote huo macho yake yalikuwa kwenye nyama. "Na wewe, baba, kwa niaba ya Marekani, umesamehe?"

Bwana Godoni Kiswahili chake alikiokota karakana, si kingi, lakini neno Marekani alilisikia. Akaruka. "Mimi? Marekani? Hapana! Hapana kabisa!"

"Amekataa!" mama mmoja akalia. Watu wakaguna. Mzee Akonaay, mtu niliyemheshimu kuliko wote duniani, akamshika mkono yule Mkanada akaanza kumbembeleza, "Baba, usiwe na moyo mgumu, ni kura tu, hata wewe una watoto," na Bwana Godoni anazidi kuwa mwekundu, anagonga lile jani la kofia kwa kidole, na watu wanaona anajigonga kichwa kwa hasira, na mimi mtafsiri nimekauka katikati, sina hata neno la trekta.

Ndipo Omari, ambaye hajawahi kukaa kimya penye watu, akamgeukia Bwana Erik kwa Kiswahili cha taratibu: "Sasa mzee wangu, wewe mwenyewe, kura yako ulimpa nani?"

Bwana Erik uso ukamfunguka. "Rais!" akasema. "Mimi, rais! Kwa posta! Ameshinda! Nafurahi sana!"

Akaona watu hatujaelewa, akajitahidi zaidi. "Mke wangu, hapana. Watoto, hapana. Jirani, hapana. Minnesota yote, hapana. Mimi tu, ndiyo!"

"Na mbona ulikuwa hutoki ndani?" Omari akauliza.

Bwana Erik akashika tumbo. "Maziwa," akasema kwa uchungu. "Maziwa ya mgando. Mengi."

Kicheko kilichotoka pale nadhani Mlima Hanang wenyewe uliitikia. Omari alikaa chini kabisa, kwenye majivu. Bwana Godoni alipoelezwa na mwenzake kwa Kiingereza kilichonyooka, alicheka mpaka kofia ikaanguka, kisha hao wawili wakaivamia nyama kana kwamba Marekani na Kanada wameungana. Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Akonaay alinisogelea, akasema kwa sauti ndogo ambayo ilinichoma kuliko kama angenipiga fimbo:

"Kijana. Ulisema watanyimwa mbolea."

Akaingia ndani. Nami nikabaki nje, kondoo ameliwa, na akili yangu sasa imeonwa na kijiji kizima.

Wiki iliyofuata ukoo wa Elizabeti ulikaa kulijibu lile neno la posa. Mimi nilikaa nje kwenye jiwe, nyuma ya ukuta, na niliogopa kama sijawahi kuogopa, maana masihara yalikuwa yameisha. Nilikuwa nampenda yule msichana. Nikasikia baba mdogo wa kwanza anasema hapana. Wa pili, hapana, mtu anayesema asichokijua atawalisha watoto maneno. Mjomba akasema huyu ukimwachia boma atakwenda kuwapatanisha mbuzi na fisi. Hapana. Shangazi, ambaye nilimtegemea, hapana. Mshenga wangu mwenyewe nilimsikia anakohoa tu.

"Basi nyumba nzima imesema," ikaja sauti ya Mzee. "Kuna mwingine?"

Nikasikia birika linawekwa chini. Elizabeti alikuwa anapitisha chai.

"Baba," akasema, "mimi ni Minnesota."

Nikabandika sikio ukutani. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitambua mara moja, kwa sababu sikuwahi kukisikia: Mzee Akonaay anacheka. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikashindwa kushuka, alikuwa anakitoa kile cha Jumamosi alichokizuia mbele ya watu, na alipopata pumzi akasema:

"Kwetu mtu haachwi peke yake. Mwambieni huyo aliyejificha nyuma ya ukuta aende akatafute kondoo mwingine."

Nilimtafuta, nikampata, safari hii aliliwa kwa kazi yake halali. Tangu siku ile nimeapa, kura za watu ni za watu: redio ikianza kuhesabu majimbo, yawe ya wapi, mimi huinuka nikaenda kuangalia ng'ombe. Na nikiulizwa kitu nisichokijua nasema "sijui", nalisema kwa sauti, hata mbele ya wakwe. Lakini watoto wangu wamekua na maneno mengi, na mara nyingi nyumbani kwangu wote huwa upande ule na mimi nimebaki huku, na nyie mnaomjua mama yao mnajua anachofanya. Huinuka na kiti chake, anakuja anakaa upande wangu, hata anapojua wazi kwamba nimekosea.